Kaptura Nilikuwa Nayo

Kwanza, nilikuwa nimevaa kaptura. Naanza na hilo kwa sababu mwenzangu anayenibebea spika keshapita baraza zote, kutoka Mwembetanga mpaka Fuoni, anasimulia kuwa DJ kakutwa kama alivyozaliwa. Yeye mwenyewe hakuwemo ukumbini! Alikuwa nje garini, kalala. Na nyie mnaonitumia stika za kanga tangu alfajiri nimewaona, majina yenu ninayo.

Sherehe ya wanawake mnaijua. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, dhahabu zote ziko nje, mwanamme haingii hata mpishi. Akiwepo mmoja basi ni DJ, naye anafungiwa nyuma ya pazia kama jenereta. Huoni kitu. Unapiga muziki kwa masikio.

Na masikio mie ninayo, wallahi. Visigino vikigonga pole pole kwenye marumaru, watu ndio kwanza wanatafuta viti: hapo taarab ya zamani, fidla na ganuni chini chini, chetezo cha udi kinazungushwa. Vijiko vikilia, punguza, biriani halitaki makelele. Bangili zikianza kulia kwa pamoja, wameinuka hao, usiguse kitu. Shughuli iko kwenye kuwavusha. Bibi wa kiti cha mbele anataka Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanza 1905, na mjukuu wake kule nyuma anataka singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Ukiwarukisha ghafla, bibi anashika moyo. Ukichelewa, mjukuu anashika simu.

Mama wa bibi harusi alinionya mapema, nasikia sauti tu: "Mwanangu, wakati wa kutunza muziki usikatike. Ukikatika watu wanarudi vitini, na pesa zinarudi mikobani."

"Haukatiki, mama."

Bibi harusi kaingia kwa kasida, vigelegele, udi, yote yamekwenda salama, siwachoshi.

Mjumbe wangu alikuwa mtoto wa miaka sita. Anapita chini ya pazia kama paka: "Ami, wanasema pandisha." "Ami, wanasema teremsha." Safari moja akaja na gilasi ya juisi ya ukwaju, akanimwagia yote kwenye kanzu. Kanzu nyeupe! Nikaivua, nikaitundika mbele ya feni ikauke. Nikabaki na fulana na KAPTURA. Mama mmoja mwenye huruma akanipitishia kanga chini ya pazia, nikajifunga kiunoni.

Sasa ile feni ikawa inalivimbisha pazia kama tanga la ngalawa. Nilikuwa nimelibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kamba toka stendi ya spika hadi nondo ya dirisha. Baba yangu mvuvi wa Mkokotoni. Fundo lile angelikana mbele ya watu.

Ukafika wakati wa kutunza. Nikaweka taarab ya kisasa, dakika kumi na nne. Na mie nina tabia moja, mnisitiri: kwa vile siwaoni wachezaji, wimbo nauonja mwenyewe. Ukininyanyua mie, na wao umewanyanyua. Basi nikaligeuzia pazia mgongo, mikono juu, macho nimefumba, nikauonja. Kwa kiuno.

Nikasikia tik. Nikadhani bangili.

Tik ya pili. Ubaridi ukanipita miguuni.

Tik, tik, tik, kama mtu anamenya karanga. Nikafumbua macho. Ukuta uliokuwa giza mbele yangu sasa una taa, taa ya zambarau, na katikati ya taa kuna kivuli cha mtu anakata kiuno. Nakuapieni, jambo la kwanza kunijia akilini ni: hee, jamaa anacheza vizuri.

La pili: bangili zimenyamaza.

Nikageuza shingo kidogo tu. Yule mtoto kakaa chini, kajifunika pazia zima, kichwa tu kiko nje, anacheka. Nyuma yake, ukumbi. Mama mmoja kanyanyua noti ya elfu kumi hewani, mkono umeganda. Mwengine sambusa iko mdomoni, haiingii, haitoki. Nikarudisha uso ukutani haraka kama niliyepigwa kofi, na hapo ndipo yalipotoka mayowe. Nasikia vitambaa vya meza vinavutwa, sahani zinaanguka, watu wanagombania mabuibui.

Muziki nisiukate, nimeahidi. Dakika ya nne hiyo, zimebaki kumi. Mikono bado iko juu, kwani ningeiteremsha wapi? Na jina la kanga, mnajua linapokaa kanga ikifungwa kiunoni. Meza ya mbele mtu akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama yuko chuoni:

"MGENI NJOO, MWENYEJI APONE."

Kicheko kile sijawahi kukisikia maishani. Spika zangu mbili kubwa kilizimeza.

Halafu ndani ya kicheko nikasikia hatua. Si kisigino, kandambili. Na bakora. Pole pole, inakwenda na mdundo haswa, haikosei. Yule bibi wa kiti cha mbele. Akafika nyuma yangu, akasimama, akanibandika noti juu ya upara. Kwa jasho nililokuwa nalo ikanata pale pale.

"Kacheza," akasema. "Atunzwe."

Yaliyobaki ni mafupi. Mama wa bibi harusi akalifunga pazia kwa mkono wake, na fundo lake halikutikisika mpaka asubuhi. Singeli nikapiga, wakacheza, nikalipwa yote, nikatoka mlango wa jikoni. Leo nimepigiwa simu mbili za kazi, zote mbili wanamuulizia DJ wa kanga.

Noti ilikuwa ya elfu mbili. Kanga nimeshaifua na kuipiga pasi. Mwenyewe atume mtoto aje kuichukua, lakini si yule.