Bomba Lililofungwa Kichwa Chini

Shemeji yangu ni mtu wa kujua. Ukimuuliza njia, anakuelekeza hata kama yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Kwa hiyo jiko la kuni lilipoletwa nyumbani, nami nikataja kuita fundi wa dohani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Fundi wa nini, shemeji? Moshi ni hewa ya moto. Hewa ya moto inapanda. Basi, kazi imekwisha."

Mke wangu, dada yake wa tumbo moja, alinikonyeza nikatae. Lakini jamaa alishavua shati.

Kilichohitajika ni kuunganisha jiko na dohani ya matofali kwa vipande vya bomba jeusi la chuma. Kila kipande kina upande mpana, jike, na upande uliominywa mikunjo kuzunguka, dume, ili uingie ndani ya mwenzake. Swali likawa: dume litazame juu au chini? Shemeji hakusita. Akachora hewani kwa bisibisi: moshi unatoka chini, unapanda, kwa hiyo bomba la chini lazima liingie ndani ya la juu, moshi upite bila kukutana na mwanya. Maelezo matamu! Angekuwa anagombea ubunge, kura yangu angeipata palepale.

Kila kiungo kilikuwa na matundu matatu ya skrubu. "Hizo tutaziweka kesho," akasema. Kile kipande cha kulala, kinachoingia ukutani, alikipima kwa pima maji mpaka kipovu kikakaa katikati kabisa, akaomba apigwe picha nacho.

Mke wangu alikuwa anatafuta kijitabu cha maelekezo. Alikipata chini ya shemeji, amekikalia. Akasoma, kisha akaivuta rafu yake ya vitabu mpaka ikawa mbali na bomba zaidi ya sentimita 45, kwa sababu bomba la tabaka moja la chuma linaweza kuchoma mbao hata bila kuzigusa. Akafunga na king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka motoni. "Unaogopa mno, dada," akaambiwa.

Jioni tukawasha. Dohani ilikuwa ya baridi, na hewa baridi ni nzito, inakaa humo kama kizibo. Moshi ukajaribu kupanda, ukakwama, ukarudi sebuleni kutusalimia mmoja mmoja.

"Ni rangi mpya ya jiko hiyo, inaiva," shemeji akafafanua huku machozi yakimtiririka. Kweli rangi mpya hutoa harufu moto wa kwanza, lakini hii ilikuwa inatoka mlangoni mwa jiko kwa mawimbi.

Hatimaye dohani ikapata joto, mvuto wa hewa kwenda juu ukashika, moshi ukaenda zake. Shemeji akasimama karibu na jiko, kifua mbele, akaanza kutuhutubia. Kuni zilikuwa mbichi kidogo, moto tumeubana uwake taratibu. Kwa lugha nyingine, tulikuwa tunapika lami ya moshi.

Tone la kwanza lilimwangukia katikati ya kipara.

Akanyamaza. Akapapasa, akatazama kidole: kitu cha kahawia kinachokaribia weusi, kizito, kinanuka moshi wa mwaka jana. La pili likatua kwenye nyusi.

"Paa linavuja," akatangaza.

Nje nyota zilikuwa zinawaka.

Akachukua mpini wa ufagio, akakigonga kiungo "kikae vizuri". Kiungo kisicho na skrubu hakigongwi. Bomba likaachana kwa mlio wa sufuria, masizi yakamwagika kwa wingi ambao sikujua bomba changa linaweza kubeba, na watoto wake hawakumtambua baba yao mpaka alipopiga chafya. Mke wangu alishafunga tundu la hewa la jiko, akafungua madirisha, akatoa watoto. Sisi wanaume tulibaki tukibishana nani aliyesema skrubu zingoje kesho, hadi king'ora kikaanza kupiga kelele. Gesi ile haina rangi wala harufu, haingoji mabishano yaishe. Tukatoka mbio, shemeji mbele.

Asubuhi fundi wa dohani akaja. Alilitazama bomba, akatutazama sisi.

"Nani alifunga hili?"

Wote tukakagua dari.

"Moshi hausumbui," akasema huku akivigeuza vipande. "Mvuto ukiwepo, hata penye mwanya hewa ya chumbani ndiyo inayonyonywa kuingia. Bomba halifungwi kwa ajili ya kinachopanda. Linafungwa kwa ajili ya kinachoshuka." Dume likatazama chini, ili lami iteremkie ndani na kurudi motoni kuungua. Skrubu tatu kila kiungo. Kile kipande cha kulala akakiinua kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea dohani, kipovu kikakimbilia pembeni, na shemeji akaumia moyoni waziwazi.

"Ndicho nilichokuwa nasema mimi," shemeji akanong'ona fundi alipoondoka. "Tulitofautiana upande tu."

Juzi nimemsikia kwenye simu, sauti nzito ya mtaalamu: "Dume chini, kaka. Chini! Watu wengi hawalijui hilo."