Pasaka bila hamira: wamerudi chini ya sheria?

Mwaka 2024 Pasaka ya makanisa yetu ilikuwa Machi 31. Familia moja ninayoifahamu, ya Kimara, Dar es Salaam, ilikaa kula ya kwao jioni ya Aprili 22, wiki tatu baadaye, masika yamepamba moto na barabara ya mtaani haipitiki. Wanafuata siku za Walawi 23: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Pentekoste, Baragumu, Upatanisho, Vibanda. Bado wanasali Jumapili kanisani kwao. Mtaani wanaitwa Wasabato, jina ambalo si lao, na Wasabato wenyewe wanafundisha kwamba sikukuu hizo zilikomea msalabani.

Mchungaji wao aliwaambia wamerudi chini ya sheria ya Musa. Hoja hiyo si ya kubeza. Paulo aliwakemea Wagalatia: "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Kwa Wakolosai akaziita sikukuu na mwandamo wa mwezi kivuli, na mwili ni wa Kristo. Kuna na jambo jingine ambalo wapenzi wa sikukuu hizi hulipita haraka: Kumbukumbu la Torati 16 inakataza kuchinja pasaka mjini kwako, lazima pale Bwana atakapopachagua. Sasa Kimara utaishikaje? Familia hii haikuchinja kondoo. Walipika mchuzi wa kuku. Mkosoaji atasema hiyo ni kuchagua amri zinazokupendeza, na kwa hilo ana haki.

Ila Wagalatia walikuwa wanaambiwa kwamba bila kutahiriwa hawajakamilika. Pale mezani Kimara sikusikia mtu akisema jirani yake hataokoka kwa kula mkate wenye hamira. Na Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho, wengi wao watu wa mataifa, kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu, basi na tuifanye karamu. Luka anasimulia kwamba yeye na Paulo walitweka kutoka Filipi baada ya siku za mikate isiyotiwa chachu kupita, kisha Paulo akafanya haraka awahi Pentekoste Yerusalemu.

Lakini mimi hoja za aya hazikunigusa kama jikoni kwao. Chachu ya Biblia, kwa Kiswahili cha jikoni, ni hamira. Siku moja kabla, watoto walipekua makabati, wakatoa pakiti moja na nusu, mama yao akampelekea jirani anayekaanga maandazi ya asubuhi. Mikate isiyotiwa chachu haikuwa na shida: chapati. Mboga zenye uchungu zilikuwa mchunga, na mdogo wao wa miaka sita alipouonja alikunja uso, akauliza kwa nini wanakula kitu kibaya hivi wakati ni sikukuu.

Swali hilo limo katika Kutoka 12. Watoto wenu watakapowauliza maana ya utumishi huu, mtawajibu. Mtoto anatarajiwa aulize, na wa kujibu ni mzazi. Nimejaribu kukumbuka ni lini mwanangu aliniuliza jambo la imani mezani, nikashindwa. Tumewapeleka Sunday school, tumewapa mwalimu, tukarudi nyumbani kuwasha televisheni. Pasaka yetu ni nguo mpya, ibada, pilau. Hakuna kinachomfanya mtoto ashtuke. Baba wa Kimara, ambaye hakusomea dini popote, ilimbidi aeleze utumwa wa Misri kwa jani la mchunga, na alieleza. Anayemwambia aache inabidi aseme kazi hiyo ataifanya kwa njia gani.

Jirani yao Mwislamu ndiye hakuhitaji maelezo mengi. Aliposikia sikukuu inafuata mwezi, aliuliza tu umeandama lini.

Na ugomvi wa tarehe ni wa zamani. Yapata mwaka 155 Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kuzungumza na Askofu Anicetus. Makanisa ya Asia, Uturuki ya leo, yalishika siku ya 14 ya mwezi wa kwanza wa Kiyahudi, Roma Jumapili. Hakuna aliyemshawishi mwenzake, na waliachana kwa amani.

Ninapoachana nao ni Krismasi. Wameanza kuiita ya kipagani, na Desemba ya mwaka huohuo 2024 hawakupanda basi kwenda Moshi kwa bibi, jambo ambalo Mchaga halimezi kirahisi. Warumi 14 wanayoitumia kujitetea inawalinda pia wale wanaoadhimisha Desemba 25. Bibi hakununa. Alipiga simu kuuliza sikukuu yao itakuwa lini, akaambiwa jioni ya Aprili 12 mwaka unaofuata, na wiki hiyo akashuka Dar na mkungu wa ndizi, na mfuko wa maandazi ya wajukuu.

Sikuuliza maandazi yaliishia wapi.