Vila Juu ya Bahari Maldivi: Chungu cha Pili Kiko Wapi?

Picha zinazowavuta watu kwenda Maldivi zinafanana. Nyumba ya mbao imesimama juu ya nguzo, ngazi inashuka hadi kwenye maji ya rangi ya feruzi, na hakuna mtu mwingine anayeonekana. Jambo moja picha hizo hazionyeshi: jiko. Vila hizo kwa kawaida hazina pa kupikia, kwa hiyo hata yai la kukaanga litatoka kwenye mgahawa wa hoteli. Na kwa kuwa hoteli imekalia kisiwa kizima peke yake, mgahawa wa jirani haupo. Mgeni amepewa kitanda kizuri na chungu kimoja. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia mtu anapopima kama vila ya baharini inastahili fedha yake. Aulize chungu cha pili kiko umbali gani.

Hali hiyo ilipangwa. Maldivi ina visiwa karibu 1,200, na watu wanaishi kwenye visiwa visivyofika 200. Utalii ulipoanza mwaka 1972, hoteli ya Kurumba ilipofunguliwa karibu na Malé, mji mkuu, nchi ilishika njia ya kisiwa kimoja, hoteli moja. Wageni walipelekwa kwenye visiwa visivyo na wenyeji, na wenyeji wakabaki kwenye vyao. Nchi ya Kiislamu ikapata fedha za watalii bila pombe na nguo za kuogelea kuingia mitaani. Mwaka 2009 serikali ya Mohamed Nasheed iliruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji, na kisiwa kama Maafushi, ambacho kabla ya hapo kilijulikana zaidi kwa gereza lake, kikajaa wapangishaji, wapishi na manahodha. Tangu hapo msafiri ana njia mbili, na kila moja ina watetezi wanaoisema vibaya nyingine kupita kiasi.

Nianze na vila, maana wanaoibeza husahau kinachouzwa pale. Sehemu kubwa ya bei inalipia mwamba wa matumbawe ulio hatua chache kutoka kitandani. Pale mwamba ulipo hai, unaamka, unashuka ngazi na miwani ya kuogelea, na pengine unakutana na kasa kabla ya chai. Hukodi boti, husubiri kundi. Kwa watu walio kwenye fungate, au mtu aliyechoka kweli na anayetaka siku tatu bila sauti ya pikipiki, hilo si jambo dogo. Chungu kimoja nacho kina sifa zake. Mwenye mzio wa karanga au vyakula vya baharini huzungumza na mpishi mara moja tu, na jikoni wanamjua mpaka siku ya kuondoka. Zipo pia hoteli zilizofanya mlo uwe safari yenyewe: Ithaa, mgahawa wa hoteli ya Conrad kwenye kisiwa cha Rangali, uko takriban mita 5 chini ya usawa wa bahari tangu mwaka 2005, na una viti 14 tu.

Lakini si kila vila ina mwamba chini yake. Nyingi zimejengwa juu ya mchanga mweupe, maji yanapendeza kwa macho ila samaki ni wachache. Joto la bahari la mwaka 1998 na la mwaka 2016 liliyapausha matumbawe ya Maldivi kwa kiwango kikubwa, na mahali pengine mwamba bado unajijenga upya. Anayelipia vila aombe picha zilizopigwa chini ya maji. Zile za kutoka angani hazimwambii kitu.

Kisha inakuja bili. Chukua mlo wa jioni ulioandikwa dola 100 kwenye menyu. Ongeza asilimia 10 ya huduma, ambayo ni desturi ya hoteli hizo, inakuwa 110. Juu yake inapanda kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, na unafika karibu dola 129. Hapo bado kuna kodi ya mazingira, iliyopandishwa maradufu Januari 2025 hadi dola 12 kwa kila mtu kwa usiku mmoja: wawili kwa siku tano, dola 120 kabla hawajanywa maji. Kwenye nyumba ndogo za wageni za visiwa vya wenyeji, zenye vyumba visivyozidi 50, kodi hiyo ni dola 6.

Ni rahisi kuiita tamaa, nami siwezi kusema tamaa haipo. Ila ukweli wa visiwa ni mgumu. Ukiacha samaki na nazi, karibu kila kinacholiwa Maldivi kimetoka nje. Nyanya inayofika mezani imepanda chombo zaidi ya kimoja. Hoteli yenyewe inachuja maji ya bahari kupata ya kunywa na inachoma dizeli yake kupata umeme. Gharama hizo lazima zitue mahali, na hutua kwenye sahani, kwa sababu mgeni hana pa kukimbilia. Ndiyo maana vila ya kifungua kinywa pekee, inayoonekana rahisi siku ya kuweka nafasi, ndiyo inayoumiza kuliko zote. Kama ni vila, lipa na milo yake mapema.

Upande wa pili, kwenye visiwa vya wenyeji, chungu cha pili kiko mtaa wa pili, na cha tatu bandarini. Msomaji wa pwani yetu atajiona nyumbani haraka: asubuhi ni mas huni, jodari aliyechanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, akiliwa na roshi, mkate mwembamba unaofanana sana na chapati. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akawa kadhi Maldivi, aliandika kwamba chakula cha watu wale ni samaki na nazi. Karne karibu saba zimepita na maneno yake bado yanaeleza sahani ya asubuhi. Chakula ni halali bila kuuliza, msikiti uko karibu, na fedha unayolipa inaingia mkononi mwa mwenye nyumba unayemsalimia kila siku. Kwenye kisiwa cha Thoddoo wanalima matikiti na mapapai, kwa hiyo hata tunda halijasafiri.

Hata hivyo nyumba iliyo pembeni kabisa ya maji si rahisi kuipata huko; vyumba vingi viko ndani ya mitaa. Nguo za kuogelea zina ufuo wake uliotengwa, pombe hairuhusiwi, na mchana wa Ramadhani migahawa hufungwa. Vivuko vya umma kwa kawaida havisafiri Ijumaa. Mwamba mzuri mara nyingi unahitaji boti, na boti inahitaji fedha. Wala si haki kusema hoteli za visiwa haziachi kitu nchini: kodi na ada za kukodisha visiwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bajeti ya serikali, hata kama wahudumu wengi wanatoka Bangladesh, India na Sri Lanka.

Hali ya hewa huamua zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Upepo ni uleule tunaoujua. Kaskazi huleta anga kavu na maji matulivu, takriban Desemba hadi Aprili. Kusi huleta mvua na mawimbi, na vila iliyoelekea magharibi hupigwa usiku kucha. Ndege za majini, zinazopeleka wageni kwenye hoteli za mbali, nazo huruka mchana tu, kwa hiyo anayezitegemea akitua jioni kwenye uwanja wa ndege wa Velana hulipia usiku mmoja Malé au Hulhumalé, kisiwa cha jirani, hata kama vila yake inamsubiri.

Mimi, kwa familia yenye watoto wadogo au wazazi wazee, sichagui nyumba juu ya nguzo kwa bei yoyote. Ngazi na maji marefu chini yake ni wasiwasi wa usiku na mchana. Ningekaa kisiwa cha wenyeji siku zote. Kwa wawili wa fungate ningegawanya: siku nne Rasdhoo au Thoddoo, kisha siku mbili za mwisho kwenye vila inayofikiwa kwa boti kutoka uwanja wa ndege, wakati wa kaskazi, milo ikiwa imeshalipwa. Na siku ya kuhama wale mchana kijijini kwanza, kwa sababu milo iliyolipwa mara nyingi huanza na ya jioni.