Nyumba bado ya babu, mkopo wa mjukuu

Ukianzisha mazungumzo ya mikopo ya nyumba hapa Tanga, watu wataanza na riba. Benki zinanyonya, mkopo wa nyumba ni wa wakubwa, bora ujenge tofali kwa tofali. Sibishi kwamba riba ni kubwa. Kwa miaka mingi mikopo hii imezunguka kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na ukijumlisha mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Lakini mimi naendesha steshenari Ngamiani. Kazi yangu ni kuchapa, kudurufu na kupanga makabrasha ya watu wanaokwenda benki, mahakamani na ofisi ya ardhi, na ninachokiona mezani ni kingine. Wengi wanaorudishwa hawakufika hata hatua ya kujadili riba. Karatasi ndizo zilizowarudisha.

Chukua nyumba ya kawaida ya huku kwenye barabara zetu za namba: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Babu aliijenga, akafariki. Wajukuu wanakaa vyumba viwili, vilivyobaki vimepangishwa. Mmoja amepata ajira nzuri, anataka akope aivunje nyumba ya udongo na mawe asimamishe ya kisasa. Ananiletea hati nidurufu. Jina la babu. Wakati mwingine si hati hata, ni ofa, ile barua ya zamani ya kugawiwa kiwanja, iliyokunjwa mara nne mpaka penye mikunjo pametoboka, na namba ya kiwanja imo humo humo penye tundu. Nikiuliza kama mirathi ilifunguliwa, jibu ni lile lile: "Sisi hatuna ugomvi, mahakamani twende kufanya nini?"

Hapo ndipo watu wetu wanapokosea kuliko popote. Wamezoea kuona mirathi ni ya familia zinazogombana. Kumbe mirathi ndiyo njia ya jina kutoka kwa marehemu kwenda kwa aliye hai, muwe mnapendana au mnarogana. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari na kupendekeza msimamizi. Mnachukua cheti cha kifo, mnafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi anateuliwa. Jina la msimamizi linaingia kwenye hati, halafu ndipo mali inahamishiwa kwa mrithi. Hakuna ofisa wa benki anayeweza kukurukisha hata hatua moja ya hizo, hata awe mtoto wa mjomba wako.

Na ndani ya hizo hatua kuna watu. Shangazi aliyeolewa Pangani zamani hizo ana fungu lake kwenye nyumba ile. Watoto wa amu aliyefariki Mombasa wana la kwao pia. Huwezi kuweka rehani nyumba yenye mafungu saba kwa ajili ya mkopo wa mtu mmoja, ila wenzio wauze mafungu yao kwako au wakuachie kwa maandishi. Mazungumzo hayo hayafanyiki kwa simu wiki moja kabla ya miadi ya benki. Kwa maoni yangu, arobaini ikishapita tu familia ifungue mirathi, awepo anayetaka mkopo au asiwepo. Kadiri mnavyochelewa ndivyo warithi wanavyoongezeka, kwa sababu wanaokufa nao wanaacha watoto.

Majina nayo yana maudhi yake. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamed, hati inasema Muhamadi, hati ya mshahara inasema Mohammed na imeongeza jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Mtaani mtu ni yule yule. Kwa wakili wa benki hao ni watu watatu. Kiapo cha majina kinatengenezwa kwa siku moja, lakini ukikikumbuka baada ya faili kurudishwa utasubiri foleni upya. Kabla hujaleta chochote kudurufu, tandaza karatasi zako zote mezani, usome jina herufi kwa herufi.

Halafu kuna wanaoficha wake zao. Sheria ya Ardhi ya 1999 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, na benki inatakiwa kuhakikisha ridhaa hiyo ipo. Wapo wanaume wanaokuja kuchapa tamko kwamba hawajaoa, na mimi mkewe namjua, ananunua daftari za watoto hapa hapa dukani. Kudanganya kwenye tamko hilo ni kosa la jinai, na siku mke akienda mahakamani mkopo wako utaingia kwenye kesi. Mwambie mkeo. Akikataa, pengine ana sababu.

Sasa mshahara. Watu wanaulizana benki ipi ina riba nafuu kabla hawajajua benki itawapa kiasi gani. Tuseme mtumishi wa umma ana mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000, mshahara ambao mtaani unamfanya aitwe bosi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata 75,000. Bima ya afya 45,000. Kodi ya mapato 255,500. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na hajamaliza kuulipa, asilimia 15 inaondoka, yaani 225,000. Amebaki na 899,500. Utaratibu unataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo 500,000 haziguswi. Nafasi ya rejesho ni 399,500 tu, kama hana mkopo mwingine wowote. Kwa riba ya asilimia 17 na miaka 15, rejesho hilo linabeba mkopo wa kama milioni 26. Bosi huyu alikuja na ramani ya nyumba ya milioni 50.

Na mara nyingi mkopo mwingine anao. Alikopa pikipiki, akaongeza juu yake kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na kwenye simu ana vimikopo vya elfu thelathini thelathini. Hivi vya simu ndivyo watu wanavyovidharau. Kuna taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na benki kabla ya kukupa chochote inaangalia historia yako huko. Deni dogo ulilolitelekeza kwa kubadilisha laini linaweza kuwa limekaa pale na jina lako, linakungoja. Lipa, omba uthibitisho kwamba limefungwa, subiri taarifa zisahihishwe, ndipo uombe mkopo mkubwa. Mwenye deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, nikimshauri neno moja tu, ni amalizane nayo kwanza hata kama nyumba itachelewa mwaka mzima. Huwezi kulipa vyote viwili, na yule wa kausha damu anakuja nyumbani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni ushauri wa kurefusha miaka "ili rejesho liwe dogo". Nimelipigia hesabu. Milioni 50 kwa asilimia 17, riba ikikokotolewa kwenye salio linalopungua: miaka 10, rejesho ni kama 869,000 kwa mwezi, miaka 15, kama 769,500, miaka 20, kama 733,400. Kutoka miaka 10 kwenda 15 unapata nafuu ya laki moja kwa mwezi, na kwa familia laki moja ni hela. Lakini kutoka 15 kwenda 20 unapata nafuu ya elfu thelathini na sita, na kwa nafuu hiyo unaongeza karibu milioni 37 na nusu kwenye jumla utakayolipa. Thelathini na saba na nusu! Ni kiwanja na msingi. Hata kwenye ule wa miaka 15, rejesho la kwanza la 769,500, zaidi ya 708,000 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa elfu sitini na moja tu. Ndiyo maana mtu analipa miaka mitatu, akiuliza salio anahisi ameibiwa. Hajaibiwa, hakuonyeshwa jedwali. Lidai kabla ya kusaini, uulize pia kama ukipata fedha unaruhusiwa kulipa zaidi mapema, na adhabu yake ni kiasi gani. Na ukiambiwa riba ni ndogo sana, uliza inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho. Asilimia 10 ya namna ya pili si ndogo hata kidogo.

Kwa wenzangu wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, na hapa Tanga ni wengi, milango ipo. Amana Bank ilianza 2011 kama benki ya Kiislamu kamili, na benki kadhaa za kawaida zimefungua madirisha yao. Katika murabaha benki inanunua nyumba na kukuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Kosa ninaloliona ni kudhani huko karatasi ni hiari kwa kuwa tunasalimiana kwa salamu. Hati itatakiwa, uthamini utafanyika, na mwenzi ataulizwa vile vile. Linganisha pia bei ya jumla na ile ya benki ya kawaida. Halali haikukatazi kupiga hesabu.

Wanaonunua badala ya kujenga wana balaa lao, na balaa hilo ni dalali. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima liwekwe Chongoleani mwaka 2017, kila kiwanja upande ule kimekuwa "karibu na mradi", hata kile ambacho ukienda kwa miguu utafika na njaa. Benki haikopeshi kwa bei ya dalali. Inatuma mthamini, naye anaandika thamani ya soko na ile ambayo nyumba ingeuzwa kwa haraka, na mkopo unapimwa kwa namba zake. Ukikubaliana na muuzaji milioni 60, mthamini akaandika 45, pengo hilo ni lako, juu ya ule mchango wako wa mwanzo ambao mara nyingi ni sehemu ya kumi au ya tano ya bei. Basi usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya kumshikilia muuzaji, kabla ya kufanya upekuzi ofisi ya ardhi, ujue jina lililoko kwenye daftari ni la nani, kama kuna rehani nyingine, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia, ila hauwi hati.

Weka pia akiba ya gharama ambazo hazimo kwenye bei: mthamini, wakili, usajili wa rehani, ushuru wa stempu, ada ya benki, bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji. Hiyo ya maisha watu wanainung'unikia, ila ndiyo inayolipa deni ukifa. Muulize ofisa inagharamia nini hasa, na familia yako iwe na nakala ya mkataba wake. Nakala moja shilingi mia kwangu.

Na mambo yakiharibika, kazi ikikatika au ugonjwa ukiingia, usizime simu. Benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza. Sheria inaitaka ikupe notisi, na baada ya wewe kuipokea siku 60 zipite kabla haki ya kuuza haijaanza kutumika. Ndani ya siku hizo, na vizuri zaidi kabla notisi haijatoka, nenda na barua kuomba marejesho yapangwe upya, ambatisha ushahidi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Benki nyingi zitapenda kulipwa kuliko kuhangaika na mnada. Waliopoteza nyumba zao kwa mnada niliowaona mimi, wengi walikuwa na notisi nyumbani, bahasha haijafunguliwa.