Uko kwako, lakini moshi haupo kwako peke yako

Mkataba wangu wa nyumba una vipengele kumi na moja. Kodi ya miezi sita mbele, Luku kila mtu na yake, taka zishushwe jioni, misumari ukutani marufuku. Kimoja kinakataza kufuga mbuzi. Nakaa ghorofa ya pili. Kuhusu moshi wa sigara, hakuna neno.

Dodoma tuliyoizoea ilikuwa ya nyumba za chini na ua mpana. Mtu akivuta, alivutia chini ya mwarobaini wake na upepo ukamaliza kazi. Tangu Serikali ihamie huku, Kisasa, Ilazo na Area D zimeota maghorofa, na watu wasiojuana wanagawana ukuta, ngazi na hewa. Ugomvi wa moshi wa sigara una sura moja. Mama wa juu anashuka, anabisha hodi: "Samahani kaka, moshi unaingia chumbani kwa mtoto." Anajibiwa kwa upole kabisa: "Dada yangu, mimi niko kwangu."

Jibu hilo lina uzito. Kaka amelipa kodi, amemlipa na dalali. Sigara ni bidhaa halali, inauzwa duka la hapo chini hata moja moja. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inabana uvutaji mahali pa umma, na sebule aliyoilipia si mahali pa umma. Halafu ana swali zuri: mbona hamgombani na jiko la mkaa linalowashwa kwenye korido kila magharibi? Hapo amenishika. Jiko la mkaa kwenye korido ni hatari, nalo litoke. Ila likitoka, moshi wake yeye utakuwa bado uko kwa mtoto wa juu. Yupo pia dada anayevutia chooni kwa kuogopa macho ya watu. Ukimwambia ashuke uani, umemtangaza mtaa mzima. Hili wanaopenda kupiga marufuku hawalifikirii.

Hata hivyo, anayeonewa zaidi katika mabishano haya ni yule mama. Akilalamika anaambiwa anadeka, au ni mambo ya dini, au anajifanya hajakulia uswahilini. Kila mtu anadhani kinachomuudhi ni harufu, na harufu dawa yake ni kufungua dirisha. Kumbe shida ni kinachoingia mwilini.

Mwaka 2011 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti uliowahusu watoto zaidi ya 5,000, wa miaka 6 hadi 18, ambao nyumbani kwao hakuna aliyevuta ndani. Damu yao ilipimwa kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini. Kwa walioishi nyumba za kujitegemea, kama asilimia 70 walikutwa nayo. Kwa walioishi kwenye apatimenti, zaidi ya asilimia 84.

Namba hizi nimezigeuza mara nyingi. Ile 70 yenyewe inatisha, maana inaonyesha moshi huwapata watoto hata pasipo ukuta wa jirani: kwa ndugu, kwenye gari, njiani. Kwa hiyo siwezi kulitupia jengo lawama zote. Linalobaki mikononi mwangu ni ile tofauti. Nayo huwezi kuisingizia mkaa, kwa sababu mkaa hauna nikotini. Swali gumu ni kama majengo ya kwao yanafanana na yetu. Huko madirisha hufungwa msimu mzima wa baridi, na moshi hupenya kwenye njia za mabomba na nyufa za sakafu. Sisi tuna tofali na zege, madirisha wazi mwaka mzima. Pengine kupitia ukutani kwetu unapita kidogo zaidi. Lakini aliyekaa Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba anaujua upepo wetu. Unafunga dirisha la alminiamu, unaweka na tambara, asubuhi unaandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Kama vumbi la Dodoma linapita hapo, moshi, ambao chembe zake ni ndogo zaidi, utashindwaje?

Na mara nyingi unatoka kwa mtu mstaarabu. Hataki kuvuta mbele ya wanawe, anatoka balkoni, anafunga mlango nyuma yake. Moshi unapanda, unaingia dirisha la juu. Amewahurumia watoto wake kwa kuwapelekea wa mwenzake, na hana habari.

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilisema hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara, na kwamba kupitisha hewa hakuuondoi wote. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku, ugoro ukiwemo, huku karibu asilimia 14 wakifikiwa na moshi wa sigara majumbani mwao. Wanaoupokea ni wengi kuliko wanaoutoa.

Kumfukuza mvutaji siafiki. Kubadilisha masharti katikati ya kodi aliyokwisha kulipa ni dhuluma. Marekani, kanuni ya mwaka 2016 ilizuia kuvuta ndani ya nyumba za umma, yaani za kupangishwa watu wa kipato cha chini, na hadi futi 25 kutoka jengo, kama mita saba na nusu. Mvutaji hakukatazwa kupanga, alitakiwa tu kutoka nje, na mamlaka za nyumba hizo zikapewa hadi Julai 2018 kujipanga. Kwetu ingetosha kipengele kimoja wakati wa kuhuisha mkataba, na benchi pembeni mwa ua, upande ambao upepo unaelekea ukishapita jengo, ili uondoke na moshi na jengo libaki nyuma.

Nilimweleza hivyo baba mwenye nyumba. Akacheka. "Mwanangu, wavutaji wakihama, vyumba vyao utalipia wewe?"

Nikamwambia, mbona kipengele cha mbuzi hakijamhamisha mtu.