Daihatsu Hatuna, Mzee

Naandika haya nikiwa bado na grisi chini ya kucha na jua la Gerezani, ule mtaa wa maduka ya spea za magari hapa Dar es Salaam, likiwa halijanitoka kichwani, na nawaomba radhi mapema wale watakaosema kwamba mtu wa umri wangu angepaswa kunyamaza na kumshukuru Mungu kwa kuwa hata na hilo gari lenyewe. Nimeshukuru. Nimeshukuru miaka tisa mfululizo bila kukosa, na leo nimejipa mapumziko ya kushukuru hadi jioni.

Gari langu ni Daihatsu Terios. Shemeji yangu hulitaja kama "hilo dude lako". Kondakta mmoja wa daladala pale Buguruni aliniita bosi wa bajaji yenye milango minne, na mlinzi wa ukumbi mmoja wa harusi, kijana mwenye adabu zake zote, aliniamkia vizuri kisha akanielekeza nikaegeshe nyuma, kule wanakoshushia kreti za soda. Hayo nimeyazoea. Jambo ambalo sijalizoea, na ambalo naamini daktari angeliandika kwenye cheti changu cha presha, ni kwamba jirani yangu Baba Neema anaendesha gari lile lile, na yeye huegesha mbele.

Nasema lile lile kwa maana yake halisi. Terios ilitoka kwa Daihatsu mwaka 1997, na mwaka 1999 akatoka pacha wake, kwa mafundi wale wale, akabandikwa nembo ya Toyota puani na kuitwa Cami. La Baba Neema ni Cami. Injini yake ni K3 ya CC 1297, na yangu ni K3 ya CC 1297. Hao ni watoto wa tumbo moja, ila mmoja alipelekwa kulelewa kwa mjomba tajiri. Na si Cami peke yake, kwa maana ile Toyota Duet ya mwalimu wa watoto wetu ni Daihatsu Storia iliyobadilishwa jina, na hizi Toyota Passo zilizojaa mjini tangu zianze kuingia, ambazo kila anayepata mkopo wake wa kwanza hukimbilia, kwa Daihatsu ziliitwa Boon na Daihatsu ndiye aliyeziunda. Nusu ya foleni ya Tabata inaendesha Daihatsu kila asubuhi, ila ni mimi peke yangu ninayeulizwa kama spea zake zinapatikana.

Juzi Jumamosi nililipeleka kuoshwa. Kijana aliyelipokea alikuwa na bidii ambayo sikuiomba, akafungua boneti na kuielekezea injini mpira wa maji kama mtu anayezima moto sokoni. Nilipowasha, gari likaanza kumisi, likitingishika mwili mzima kama mgonjwa wa malaria, na fundi wangu alipokuja akachomoa koili moja, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaitazama, akanirudishia mkononi kwa heshima zote za msiba. Ndiyo maana leo asubuhi nilikuwa Gerezani.

Duka la kwanza nilisema jina la gari, nikajibiwa, "Daihatsu hatuna, mzee." La pili hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Duka la tatu nilimkuta kijana mmoja mnene, mchangamfu, amekaa juu ya kreti mbele ya ukuta mzima wa maboksi, akaniamkia shikamoo iliyonipa matumaini.

"Koili ya gari gani, mzee wangu?"

"Daihatsu Terios."

Akashusha pumzi ndefu, akanitazama kwa huruma, kama vile nimemweleza kwamba nimefukuzwa kazi. Akasema koili za Daihatsu ni adimu, huagizwa kwa oda maalumu, lakini kwa kuwa mimi ni mtu mzima angejitahidi kunipatia moja kwa laki moja na ishirini. Nikamwuliza koili ya Toyota Cami ni bei gani. Akaipata bila kusimama, kwa kunyoosha mkono tu kwenye rafu ya pili, akasema ni elfu arobaini na tano na maongezi yapo.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya shule, kwamba basi anipe hiyo ya Cami. Akaurudisha mkono. Akasema hawezi, kwa sababu ya Toyota ikifungwa kwenye Daihatsu itaunguza waya zote, na yeye hapendi lawama na wazee. Nikamweleza habari ya mapacha. Akacheka kwa upole, akasema, "Mzee, Toyota ni kampuni. Hiyo yako ni ya Wachina wa juzi juzi tu."

Hapo ndipo nilipokosea, maana mtu mwenye busara angeondoka. Mimi nilivua miwani, nikaifuta na kuanza kuhutubia. Nilimweleza kwamba kampuni hiyo ilianzishwa Osaka, Japani, mwaka 1907, wakati hapa kwetu Mjerumani anamalizia kuzima Vita vya Maji Maji, na kwamba waanzilishi wake walitaka Wajapani watengeneze injini zao wenyewe badala ya kuagiza za wageni. Iliitwa Hatsudoki Seizo, yaani watengeneza injini, na jina la Daihatsu, lililochukuliwa kwenye herufi ya kwanza ya Osaka kwa maandishi ya Kijapani, ambayo husomeka pia "dai", na ya kwanza ya neno injini, likawa rasmi mwaka 1951. Nikamwambia mwaka 1957 walitoa Midget, kigari cha magurudumu matatu, ambacho kilipofika Thailand ndicho kilichozaa zile tuktuk za Bangkok, kwa hiyo anayeliita gari langu bajaji hajanitukana, amenitajia ukoo. Nikamwambia kwamba walikuwa wa kwanza kuwauzia Waingereza gari dogo la Kijapani, Compagno, mwaka 1965. Halafu nikamwuliza kama anajua Toyota Motor ilianzishwa lini. Hakujua. "Mwaka 1937," nikasema. "Daihatsu ni mkubwa wa Toyota kwa miaka 30."

Wakati huo tulikuwa tumeshakuwa watu kama kumi na wawili pale, kwa sababu Gerezani hakuna mazungumzo ya watu wawili. Walikuwepo madalali, mtu mmoja aliyebeba bampa begani na hakulishusha muda wote, na muuza kahawa aliyeona biashara. Yule mwenye bampa ndiye aliyeuliza, kwa unyenyekevu kabisa:

"Sasa mzee, huyo mkubwa hivi sasa anaishi wapi?"

Mimi si mwongo. Ningeweza kunyamaza, lakini nikajibu kwamba walianza ushirika na Toyota mwaka 1967, kwamba mwaka 1998 Toyota ilishika hisa nyingi zaidi, na kwamba mwaka 2016 iliinunua yote kabisa.

"Kwa hiyo anaishi kwa mdogo wake."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye maduka ya betri. Muuza kahawa alimwaga kikombe kizima na hakukijutia.

Nikaona nisishindwe kirahisi. Nikawatolea karata yangu kubwa, ambayo naihifadhi kwa ajili ya siku kama hizi, kwamba mwaka 1993 katika mbio za Safari Rally, hapo jirani Kenya, kwenye matope na mawe yale yanayovunja magari ya mamilioni, vigari vidogo vya Daihatsu Charade vilimaliza vya tano, vya sita na vya saba. Kundi likatulia. Niliona heshima inaanza kuingia machoni mwa watu wawili watatu.

"Wa kwanza alikuwa nani?" akauliza muuza kahawa.

"Toyota Celica."

"Wa pili?"

Nikakohoa. "Toyota Celica."

"Wa tatu, mzee?"

Sikujibu. Hawakuhitaji nijibu, maana walikuwa wanajibu wenyewe kwa pamoja, wa tatu na wa nne, kama watoto wa darasa la pili wanaoimba jedwali la kuzidisha. Dalali mmoja akatoa simu na kusoma kwa sauti kwamba mwezi Desemba 2023 Daihatsu ilisimamisha kupeleka sokoni magari yake yote, baada ya kugundulika kwamba majaribio ya usalama yalikuwa yanachakachuliwa katika miundo 64. Nikamwambia aendelee kusoma, kwa maana ndani ya miundo hiyo imo iliyouzwa kwa jina la Toyota pia. Akasema bando limekata.

Nikaamua tumalize kisayansi. Nikampigia Baba Neema, ambaye kwa bahati alikuwa Kariakoo, akaja na Cami yake, tukaegesha pua kwa pua na kufungua boneti zote mbili mbele ya umati ambao sasa ulikuwa umeziba nusu ya barabara. Mafundi wawili wakaitwa kama wataalamu wa mahakama. Wakatazama injini, wakatazamana. Koili zilikuwa nne huku na nne kule, na zinafanana. Mmoja akaanza kusema, "Kwa kweli hizi," lakini muuza duka alikuwa ameshainama kusoma vibao vya chuma vya utambulisho. Cha Cami kimeandikwa J102E. Changu kimeandikwa J102G.

Akainuka taratibu, akapangusa mikono, akawageukia watu.

"Mmeona wenyewe? Hiyo ni E. Hii ni G."

Na umati wote, wakiwemo wale mafundi wawili niliowaita mimi na kuwanunulia kahawa mimi, ukakubali kwamba kweli, E na G si kitu kimoja. Baba Neema alinishika bega na kuniambia nisijisumbue, nipige tu moyo konde ninunue gari.

Ninunue gari. Ndivyo alivyosema, akiwa ameegemea la kwangu.

Nilivuka barabara, nikampa kijana wa bodaboda elfu hamsini na kumtuma akanunue koili ya Toyota Cami. Alirudi baada ya dakika nne na chenji ya elfu kumi, kwa maana yeye hata maongezi alifanya. Niliifunga pale pale kando ya mtaro, gari likawaka na kutulia kimya hadi nikadhani limezimika. Nilipiga honi mara mbili nilipopita mbele ya lile duka. Yule kijana mnene akanipungia mkono na kuwaambia wenzake, nilimsikia vizuri kabisa, "Mzee wa watu, atarudi tu, zitaungua hizo waya."

Hazijaungua. Lakini nilipofika mbele kidogo, kwenye foleni, nikaona muuza vipambo vya magari amepanga nembo juu ya kitambaa chekundu, na likanijia wazo ambalo katika miaka tisa sikuwahi kuliruhusu liingie ndani. Nembo moja tu. Kiasi cha gundi. Mlinzi wa ukumbi atanielekeza mbele, shemeji atatafuta jina jingine, na Gerezani nitakaribishwa kiti. Nikashusha kioo, nikauliza ile ya Toyota ni shilingi ngapi.

Akaichukua, akaifuta vumbi kwenye shati lake, akainama kidogo kulitazama gari langu kwa mbele, kisha akanitazama mimi.

"Ya gari gani, mzee?"

Nikapandisha kioo. Kiliishia katikati, kama kawaida yake tangu yule fundi wa Tabata alipokirekebisha mwezi wa tatu, na mwezi huo huo ndipo aliponiapia kwamba swichi ya kioo cha Daihatsu haipatikani Dar es Salaam nzima, na nikitaka nilete ya Passo yeye hahusiki.