Acheni kuhesabu pilipili, onjeni sambal

Kuna tabia moja kwenye migahawa ya kuku wa kuponda huku Yogyakarta, Indonesia, inanikera kuliko hata foleni ya saa saba mchana, nayo ni hii ya kushindana namba ya pilipili. Unafika, ukutani kuna bango la leveli za ukali, muuzaji kabla hajakuuliza unataka paja au kidari anauliza "cabenya berapa, Mas?", pilipili ngapi kaka, na meza ya pembeni vijana wameagiza pilipili 25 kila sahani, simu imeegemezwa kwenye glasi inarekodi, na ukiwaangalia tu unajua pale hakuna anayekula, watu wanafanya mtihani.

Mi nasema hivi, kwenye hii sahani kuku ni ugali, sambal, yaani ile pilipili ya kusaga, ndiyo mboga. Sasa mboga gani unaiagiza kwa namba?

Kwa ambao hawajafika huku, wapo kuku wawili ambao wageni wanawachanganya sana. Wa kwanza ni ayam penyet, asili yake Java Mashariki, upande wa Surabaya. Huyu anachemshwa kwanza na binzari, dania, kitunguu saumu, mchaichai, tangawizi na mzizi mmoja ndugu yake tangawizi wanauita lengkuas, moto mdogo mpaka mchuzi unakauka na nyama imeshakunywa kila kitu, kwahiyo ukiagiza anadumbukizwa tu kwenye mafuta ya moto ngozi ikauke na anakuja mezani. Wa pili ni ayam geprek, huyu mtoto wa hapa hapa Yogya na ni wa juzi tu, stori inayosimuliwa ni kwamba mwaka 2003 mwanafunzi alimwomba Bu Rum, mama mwenye mgahawa hapa mjini, amponde kuku wa unga pamoja na sambal, basi ikawa hivyo mpaka leo nchi nzima inauza. Kuku wa unga ni yule yule unayemjua wa mtindo wa Kimarekani, mwenye ganda linalolia ukimng'ata.

Wote wawili safari yao inaishia kwenye jiwe. Siyo kinu chetu cha kutwangia, hapana, ni sahani nzito ya jiwe yenye bonde dogo katikati, wanaita cobek, na mchi wake umepinda kidogo, mtu anasaga kwa kuzungusha kifundo cha mkono siyo kwa kupiga. Cobek nyingi za Yogya zinachongwa kwenye mawe ya volkano ya Merapi, ule mlima unaouona asubuhi kama hakuna mawingu. Na hapo kwenye jiwe ndo utamjua mpishi. Sambal ya geprek mara nyingi ni vitu vichache mno, pilipili kichaa mbichi, kitunguu saumu kibichi, chumvi, sukari kidogo, na ile chumvi ya ladha ambayo kila mtu anajidai haweki. Anasaga mpaka vipasuke ila visiwe uji, alafu anachota mafuta yanayochemka kwenye karai anamwagia juu, chwaaa, harufu ya kitunguu saumu inapanda mpaka unakohoa, hapo ndo kuku analazwa na kupondwa mpaka nyuzi zake zinafunguka na sambal inaingia ndani. Kupondwa siyo mbwembwe jamani. Kuku mzima sambal inabaki juu ya ngozi, kuku aliyepondwa inafika mpaka mfupani.

Ya penyet ina mambo zaidi, inaingia nyanya, vitunguu vidogo vyekundu, na terasi. Terasi ni uduvi waliochachushwa wakakaushwa wakawa kitofali cha rangi ya udongo, na harufu yake ikiwa mbichi, ntakuwa mkweli, ni ya soko la samaki jioni. Ila wakiichoma kidogo alafu isagwe na pilipili na kukamuliwa ndimu, unapata kitu kirefu mdomoni, chumvi, uchachu, utamu wa nyanya, na moto unaokuja mwisho taratibu. Huu utaratibu ndo naupigania. Ukiweka pilipili 25 moto unakuja wa kwanza, unakaa, na hauondoki, ulimi unakufa ganzi na kuanzia tonge la tatu we hujui unakula kuku au unakula sponji, hiyo terasi ya watu imepotea bure. Na maji hayakusaidii kitu, ile kemikali inayowasha haiyeyuki kwenye maji, unaisambaza tu, bora maziwa. Watu wa huku wanakunywa chai ya barafu yenye sukari nyingi, ile sukari inapoza kidogo, na kwenye migahawa mingi ya wanafunzi chai ni ya kujichotea na wali pia unajipakulia mwenyewe, ndo maana utaona sahani imepanda mlima.

Najua mtu ataniambia acha wivu, Wajava ndo wamezoea pilipili. Hapana bana. Wajava wenyewe, hasa hawa wa Yogya na mji jirani wa Solo, wanapenda vyakula vitamu mnoo, kuna mpaka mchuzi wa fenesi changa unapikwa na sukari ya mnazi, gudeg, wanaula asubuhi. Na pilipili yenyewe siyo ya kwao kiasili, imetoka Amerika, imeletwa na meli za Wareno na Wahispania karne ya 16, kama ilivyofika kwetu pwani. Kabla ya hapo walikuwa na pilipili yao ndefu, cabe jawa, ukali wake unafanana na wa pilipili manga. Kwahiyo hii kusema ukali ndo utamaduni wenyewe mi siikubali, utamaduni ni kusaga.

Alafu kuna suala la hela ambalo washindani hawaliwazi. Pilipili kichaa huku bei yake ni habari ya taifa, ikinyesha sana inaoza shambani na bei inaruka, mwanzoni mwa 2017 kilo moja ilivuka rupia 100,000 sehemu nyingi, na ikipanda inatajwa kabisa kwenye takwimu za mfumuko wa bei. Sasa mfikirie mama anayeuza sahani ya wanafunzi kwa bei ya chini, we unamwagizia pilipili 25 unakula tatu zingine unaacha kwenye sahani na machozi. Ukiona sambal imeanza kuwa na maji maji na mbegu kubwa kubwa ujue bei imepanda na ameanza kuchanganya na pilipili za bei nafuu, na mi simlaumu. Nayemlaumu ni yule anayesaga ndoo nzima na blenda asubuhi. Blenda inakata, haipondi, inatoa povu na maji, ikifika saa nane kitunguu saumu kimeshakuwa kichungu, hapo hata uwe na kuku wa kienyeji umeharibu. Na mgahawa wenye leveli nyingi ukutani mara nyingi ndo wenye blenda, kwasababu leveli 10 kwake ni vijiko vingi tu kutoka ndoo ile ile.

Ndo maana siku hizi nakimbilia mahema ya barabarani jioni, yale ya watu wa Lamongan, wilaya moja ya Java Mashariki, utayajua kwa kitambaa kirefu cheupe kilichochorwa kambare, kuku na bata kwa rangi kali kali. Pale hakuna leveli. Unakaa kwenye benchi au mkekani, wanakuletea kibakuli cha maji yenye kipande cha ndimu, ya kunawa, siyo ya kunywa, rafiki yangu mmoja alitaka kuyanywa. Pembeni unapewa matango, kabichi mbichi na majani ya kemangi, yanafanana na mrihani ila yana harufu ya limau, na hayo usiyaache, unachukua tonge la wali kwa vidole vya kulia, nyama, sambal kidogo, jani juu. Moto ukizidi unatafuna kabichi. Yaani dawa ipo hapo hapo kwenye sahani, mtu mwenye simu hata haioni.

Dar tuna kuku wazuri tu wa kukaanga, tatizo letu pilipili tumeiweka kwenye chupa, inakaa mezani wiki, kila mtu anatikisa anamimina. Mtu wa chips kuku akiweka jiwe pale mbele akasagia wateja pilipili kichaa na kitunguu saumu wakiangalia, akamwagia mafuta ya moto kutoka kwenye karai lile lile, mi nampa hela yangu kila jioni na soda juu.

Oda yangu mi ni paja, pilipili tatu, kitunguu saumu cha kutosha, tempe, ile soya iliyochachushwa, ya kukaanga pembeni. Na nikisikia blenda inanguruma huko nyuma, nalipia chai nahamia hema la jirani.